Mgema Asilitie Tembo Maji

Dominika ya Tatu ya Majilio, Mwaka B
Masomo: Isa 61:1-2, 10-11, 1 Thes 5:16-24, Yn 1:6-8, 19-28



Wapendwa wasikilizaji wetu wa Kilosa na wa Mikumi, na ninyi mlioko juu katika milima ya Vidunda, nawasalimu nyote katika Bwana. Nawasalimu pia ndugu zetu Waislamu na Wakristo wa madhehebu mengine ambao hufungua redio zao saa hii ya Dominika na kutusikiliza kwa uvumilivu.

Leo ni Dominika ya furaha. Katikati ya kipindi cha kungojea, Kanisa linatualika tufurahi kwa sababu Bwana yu karibu. Lakini Injili ya leo inatuonyesha furaha ya namna ya pekee: furaha ya mtu aliyekataa kusifiwa kwa sifa isiyo yake. Mtu huyo ni Yohane Mbatizaji.

Makuhani na Walawi wanatumwa kutoka Yerusalemu waende ng'ambo ya Yordani, wakamwulize Yohane yeye ni nani. Tumezoea kuwaona wajumbe hao kama wapelelezi, na pengine ndivyo walivyokuwa. Hata hivyo, tuangalie vilevile walichokuja nacho mikononi. Walikuja na majina makubwa matatu, majina ambayo Israeli yote iliyangojea kwa karne nyingi: Kristo, Eliya na yule Nabii. Yohane alikuwa mtu wa jangwani, mwenye vazi la singa za ngamia, asiye na cheo wala kiti hekaluni. Mji mkuu sasa unamtambua, wakuu wa dini wanamtumia ujumbe. Angeitikia jina moja tu kati ya hayo, habari zake zingefika Yerusalemu kabla ya jua kuzama.

Naye anajibu nini? Anakiri kwamba yeye si Kristo. Wanamwuliza kama ni Eliya, anakana. Wanamwuliza kama ni yule Nabii, anasema la. Mtazame jinsi majibu yake yanavyozidi kuwa mafupi kadiri sifa zinavyoongezeka. Tena ajabu ni hii: baadaye Bwana wetu mwenyewe atawaambia watu kwamba Yohane ndiye Eliya aliyekuwa atakuja (Mt 11:14). Maana yake, hata ile heshima iliyokuwa na ukweli ndani yake, Yohane hakuiokota mwenyewe. Alimwachia Mungu aitoe kwa wakati wake. Walipomsonga ili wapate jibu la kuwapelekea waliowatuma, alijitambulisha kwa neno moja tu lililotoka kwa nabii Isaya: yeye ni sauti.

Mtakatifu Augustino, alipowahubiria watu wake huko Afrika ya Kaskazini, alilifafanua jambo hili vizuri sana. Alifundisha kwamba Yohane ni sauti, Kristo ni Neno. Sauti hulichukua neno kutoka moyoni mwa msemaji na kulifikisha moyoni mwa msikilizaji. Ikisha kulifikisha, sauti hupita na kunyamaza, bali neno hubaki. Sauti isiyobeba neno ni kelele tu inayogonga sikio. Na sauti inayotaka kubaki yenyewe mahali pa neno imekuwa mwizi wa kile ilichotumwa kukipeleka.

Ndugu wapenzi, mnaweza kuuliza kwa nini nayasema haya redioni. Nayasema kwa sababu kipindi cha dini katika redio ni sauti kwa maana halisi kabisa. Hamuuoni uso wa msemaji, wala hamwezi kumshika mkono. Mnachokipata ni sauti tu. Na siku hizi sauti ya namna hii inasifiwa. Mwaka 2011 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, liliitenga tarehe 13 Februari iwe Siku ya Redio Duniani, kwa kukumbuka kuanza kwa Redio ya Umoja wa Mataifa mwaka 1946. Vipindi hupewa vyeti na ngao, watangazaji hupigiwa makofi, na sisi wahubiri wa redio hupokea barua na simu za pongezi. Je, tufanye nini na sifa hizo?

Wahenga wetu walijibu zamani: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgema wa pwani hupanda mnazi, wenzetu wa Iringa hugema ulanzi kwenye mianzi, lakini hatari yao ni moja. Siku ambayo hakuna amjuaye, mgema hulinda ladha ya tembo lake, maana bila ladha hana mnunuzi. Siku anapoitwa bingwa, wateja huongezeka, kibuyu hakitoshi, naye huongeza maji kidogo. Wateja wanaendelea kunywa kwa sababu ya jina. Methali hii haikatazi kumsifu mgema. Inamwonya mgema ajue kwamba saa ya kusifiwa ndiyo saa ya kujaribiwa.

Basi tutazame wenzetu waliopitia jaribu hilo.

Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pius XI alifungua Radio Vatican, iliyojengwa na Guglielmo Marconi, mmoja wa waasisi wa redio duniani. Dunia nzima ilistaajabu kusikia sauti ya Papa ikivuka bahari. Lakini utukufu wa redio ile, kwa maoni yangu, haukuwa siku ile ya sherehe. Ulikuwa katika miaka ya Vita Kuu ya Pili. Kati ya mwaka 1940 na 1946 Radio Vatican ilisoma hewani jumbe zaidi ya milioni 1 za kuwatafuta wafungwa wa vita na watu waliopotea. Jina baada ya jina, mama akimtafuta mwana, mke akimtafuta mume. Kazi hiyo haina mvuto wa kipindi cha burudani. Ni kusoma majina tu. Lakini kwa mama aliyelisikia jina la mwanawe, ilikuwa Habari Njema.

Tuje karibu zaidi na kwetu. Mwezi Februari 1963 Mfalme Haile Selassie alifungua huko Addis Ababa kituo cha redio cha Shirikisho la Kilutheri Duniani, kilichojulikana kama Sauti ya Injili. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa studioni Moshi. Wenzetu hao waliamua jambo la hekima: hawakujaza saa zote mahubiri. Sehemu kubwa ya muda waliitoa kwa habari za kweli, elimu, afya na maendeleo ya watu, na kwa sababu hiyo waliheshimiwa hata na wasio Wakristo. Kisha, tarehe 12 Machi 1977, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikakitwaa kituo, na mitambo ile ile ikageuzwa kuwa sauti ya mapinduzi. Heshima, majengo na minara viliondoka kwa siku moja. Lakini studio ya Moshi haikufa. Kazi iliendelea, na hadi leo Redio Sauti ya Injili inasikika kutoka Moshi. Mimi ni padre wa Kikatoliki, nami nasema kwa furaha kwamba ndugu zetu hao wametufundisha jambo. Aliyeiweka sauti yake katika mnara hunyang'anywa pamoja na mnara. Aliyeiweka katika utume hubaki nayo.

Wapo pia waliotunzwa wakajua la kufanya. Huko Marekani, Fulton Sheen alihubiri katika redio kwa miaka ipatayo 20 tangu mwaka 1930, halafu akaingia katika televisheni. Mwaka 1953 alipewa Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya nchi ile. Aliposimama kushukuru, aliwataja waandishi wake wanne: Mathayo, Marko, Luka na Yohane. Watu walicheka, na ilistahili wacheke. Lakini kicheko kile kilikuwa na jibu lile lile la Yohane Mbatizaji: mimi ni sauti, maneno si yangu. Na mapato aliyoyapata katika kazi hiyo aliyaelekeza kwenye nchi za misioni.

Sasa, ndugu zangu, niseme na upande wa pili, ingawa ni mzito. Sifa ya wasikilizaji si ushahidi wa ukweli. Mwezi Julai 1993 jirani zetu wa Rwanda walianza kusikia redio mpya, RTLM. Ilipendwa sana, hasa na vijana. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walitania kama watu wa kijiweni, na wasikilizaji walipewa nafasi ya kusema. Ingekuwa ni mashindano ya kupendwa, ingeshinda. Mwaka 1994 redio hiyo iliwachochea watu wawaue jirani zao, na katika siku zipatazo 100 waliuawa watu laki 8 au zaidi, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili, na mwaka 2007 rufani ikawapunguzia adhabu bila kuwaachia huru. Tusisahau kwamba wengi wa walioisikiliza na kuitii walikuwa wabatizwa kama sisi. Dominika walisikiliza Injili, Jumatatu wakasikiliza redio, na wengi wao waliiamini redio.

Wimbi la wakimbizi likavuka Daraja la Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Hapo Ngara, mwaka 1995, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, jina lenye maana ya tumaini. Chombo kile kile kilichotumika kuua, yaani redio, sasa kikatumika kupatanisha na kuelimisha. Ndiyo maana Mtume Paulo katika somo la pili anatuagiza tusimzimishe Roho, tusidharau unabii, ila tujaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Hakusema tupokee kila linalopendwa. Alisema tujaribu.

Je, tutajaribu kwa kipimo gani? Kipimo kimo katika somo la kwanza. Mpakwa mafuta wa Bwana ametumwa kwa maskini awapelekee habari njema, kwa waliovunjika moyo awagange, kwa mateka awatangazie uhuru, na kwa wote atangaze mwaka wa neema ya Bwana. Kipindi cha dini kinachofanya hayo kimebaki katika utume wake, kiwe kimetunzwa au hakijulikani. Kisichofanya hayo kimetiwa maji, hata kama kuta za studio yake zimejaa vyeti.

Ninyi wa Vidunda mnaielewa redio kuliko watu wengi wa mjini. Mawimbi ya FM husafiri moja kwa moja kama mwanga wa taa. Yakikutana na mlima, hukoma. Ndiyo sababu mtu akiwa bondeni hasikii kitu ila mkwaruzo, akipanda mgongoni mwa mlima sauti hurudi. Masafa mafupi, ambayo wazee wetu waliyasikiliza usiku, yenyewe hupanda hadi tabaka za juu za anga na kurudi chini, yakiruka milima na mabonde. Mtambo hauwezi kulalamika kwamba mlima ni mrefu. Ni wajibu wa anayetangaza kutafuta njia ya kufika. Nataka kusema hivi: mwenye kipindi akisifiwa mjini, aulize mara moja kama anasikika bondeni. Na kusikika sikusemi kwa mawimbi tu. Je, mkulima wa Vidunda anayeteremka Kidodi na mzigo kichwani anasikia katika kipindi chetu jambo linalogusa mahindi yake, watoto wake, wagonjwa wake na deni lake? Au anasikia watu wa mjini wakipongezana?

Nitoe mfano mmoja wa Kilosa yetu, maana hapa ndipo utume unapopimwa. Mwezi Desemba 2000, katika Majilio kama haya, Kanisa lilikuwa bado katika Jubilei Kuu, tukiimba juu ya mwaka wa neema aliouagua Isaya. Katika siku hizo hizo, huko Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ardhi, maji, njia za mifugo, mashamba yaliyolishwa, malalamiko yaliyokaa muda mrefu bila kusikilizwa: yote yalilipuka na kuacha makaburi. Tangu siku hiyo jina la wilaya yetu halitajwi bila watu kukumbuka damu.

Sasa fikirini. Katika wilaya hii mkulima na mfugaji husikiliza redio ile ile. Mmoja ameketi chini ya mwembe wake, mwingine ameiweka redio begani akifuata ng'ombe. Ni nani mwingine anayeweza kuzungumza na hao wawili kwa dakika ile ile, kwa lugha ile ile, bila kuwakutanisha na silaha zao? Hapa kipindi cha dini kina nafasi ambayo hata mkutano wa hadhara hauna. Lakini nafasi hiyo ina gharama. Ukisema kwamba ng'ombe wasiingizwe katika shamba la mtu, wako watakaonung'unika. Ukisema kwamba mfugaji naye ni mtu mwenye haki ya kupita na kunywesha, wengine watazima redio. Ukisema kwamba anayepokea rushwa ili aamue shauri la ardhi anakula damu, huenda usialikwe tena kwenye sherehe. Ni rahisi zaidi kuhubiri amani kwa maneno mapana, yasiyomgusa mtu. Amani ya namna hiyo husifiwa na kila mtu, na haimpatanishi yeyote. Hilo ndilo tembo lililotiwa maji.

Yohane hakuishi kwa maneno mapana. Aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoagizwa, akawaambia askari wasimdhulumu mtu na watosheke na mishahara yao (Lk 3:12-14). Alimwambia hata Herode lililo halali na lisilo halali. Sifa yake ikaishia gerezani, lakini neno lake halikufungwa.

Liko pia jambo la fedha, nami sitalipita. Redio hula umeme, vipuri, ada na mishahara. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, uliwakumbusha waamini kwamba ni wajibu wao kuvitegemeza vyombo hivi, ili neno la wokovu lisikwame kwa sababu ya uhaba. Redio Maria Tanzania, iliyoanzia Songea mwaka 1996, haitangazi biashara. Inaishi kwa sadaka za wasikilizaji. Mkulima anapotoa kidogo alichonacho, ananunua uhuru wa sauti ile. Maana anayelipia sauti peke yake, siku moja atataka kuchagua na maneno. Kama tajiri au mwanasiasa ndiye pekee anayelilipia neno, tusishangae siku neno litakapojifunza kumkwepa. Vilevile tujihadhari na wanaouza miujiza redioni, wanaotaka mtu atume pesa kwanza ndipo aombewe. Injili hutolewa bure kwa aliye bure na kwa aliye maskini.

Ninyi wasikilizaji mna wajibu pia. Msitupe sifa peke yake. Tupimeni. Baada ya kipindi, katika jumuiya zenu ndogo ndogo za Kikristo, ulizaneni mambo matatu. Kwanza: je, tumesikia habari za Kristo, au habari za mhubiri? Pili: je, yupo maskini, mgonjwa au mgomvi ambaye neno la leo linatutuma kwake? Tatu: je, kuna ukweli wa mahali petu ambao mhubiri ameuzunguka kwa woga? Mkipata jibu, tuandikieni. Barua ya namna hiyo ni pongezi kubwa kuliko ngao, maana inatusaidia tusilitie tembo maji. Na tena, redio isiwe badala ya Misa kwa mwenye uwezo wa kwenda. Sauti imetumwa iwaongoze kwa Neno, na Neno alifanyika mwili. Kwa sikio mnamsikia, mezani pake mnampokea.

Wapendwa, zaburi ya leo tumeichukua kinywani mwa Mama Maria. Elizabeti alimsifu kwa sauti kuu kwamba amebarikiwa kuliko wanawake wote. Maria hakuikana sifa ile, kwa maana ilikuwa kweli. Wala hakuishika. Aliipokea na kuipandisha papo hapo kwa Mungu aliyemtendea makuu, kisha akawakumbuka wanyonge na wenye njaa. Akabaki kwa Elizabeti miezi ipatayo mitatu. Hiyo ndiyo njia ya sifa ndani ya Kanisa: ikija, ipande juu kwa Mungu, na ishuke chini kwa wahitaji, isikae katikati kwetu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemtuma Yohane awe sauti, walinde wote wanaotangaza jina lako hewani. Wakisifiwa, wawe wanyenyekevu. Wakisahauliwa, wawe waaminifu. Waguse mioyo ya wakulima na wafugaji wa Kilosa, wasikie sauti moja na kuketi pamoja. Uwafikie watu wako wa mabondeni na wa milimani, hata pale ambapo mawimbi yetu hayafiki. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Dominika yenye furaha na maandalizi mema ya Noeli. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.